Mvi, Hina na Namba Thelathini na Tatu: Historia Fupi ya Kuchagua Rangi ya Nywele

Mwezi Septemba mwaka jana mama yangu alinituma kazi ambayo hakuna mwalimu wa ushairi aliyewahi kunifunza: nimchagulie rangi ya nywele. Mama amevuka miaka sabini, na makazi yake ni Igawa, pale ambapo msafiri atokaye Makambako kwa barabara kuu ya Zambia huingia Mkoa wa Mbeya. Mto Mbarali unapita hapo kuelekea mashamba ya mpunga ya Usangu, na malori hayalali usiku wala mchana.

Sababu ya kazi hiyo ilikuwa sherehe ya kumuaga binti yake wa mwisho. Miaka miwili kabla yake, siku chache kabla ya harusi ya mdogo wangu wa kiume, mama alitiwa weusi kichwani. Kesho yake paji la uso lilivimba, na keshokutwa macho yalifumba kabisa. Harusi ya mwanawe aliisikilizia kwenye simu, amelala chumbani, kitambaa kibichi usoni. Safari hii hakutaka kukosa tena. Lakini pia hakutaka kupigwa picha akiwa na kichwa alichokiita shamba la pamba.

“Mwanangu,” aliniambia, “wewe unayeandika mashairi, niambie rangi ipi itanikubali. Nami naomba uniambie kwa lugha ninayoielewa.”

Nilifungua kinywa, nikakifunga. Msomaji mpenzi, makala haya ni matokeo ya kimya kile.

Tuanze na lugha yenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyonikwamisha. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya asili vya rangi: -eusi, -eupe na -ekundu. Hivi vitatu hupokea viambishi vya ngeli kama vivumishi vingine: mtu mweusi, nywele nyeusi, kitambaa cheusi. Rangi nyingine nyingi zimeazima majina ya vitu, na huunganishwa kwa -a: kijani ni ya majani, kijivu ni ya majivu, kahawia ni ya kahawa, manjano ni ya bizari, zambarau ni ya tunda, samawati ni ya mbingu za Waarabu. Hata neno “rangi” lenyewe ni mgeni, asili yake ni Kiajemi. Mwaka 1969 wanazuoni wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walitoa kitabu wakidai kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na haya haya: jeusi, jeupe na jekundu. Wako waliopinga sehemu za nadharia yao, ila mfumo wa ngeli zetu unabeba alama ya utatu huo hadi leo.

Kuna jambo ambalo vitabu vya sarufi hulipita haraka. Kichwa cha mwanadamu kina msamiati wake, nao haufuati orodha ya rangi. Nywele zikipoteza weusi hatusemi zimekuwa za kijivu, ijapokuwa jicho linaona kijivu. Tunasema ameota mvi. Mvi ni neno linalosimama peke yake. Halisifu kitambaa wala ukuta. Hubeba rangi na umri na heshima kwa pamoja. Ukimwambia mtu “nywele zako zina rangi ya kijivu,” umetafsiri. Ukimwambia “una mvi,” umemwamkia.

Ngozi nayo ina majina yake. Yuko mweusi tii. Yuko maji ya kunde, jina ninaloliona kuwa miongoni mwa yale mazuri kabisa tuliyo nayo, maana aliyewahi kuchemsha kunde anaijua rangi ile: kahawia yenye wekundu ndani yake, yenye joto, isiyong'aa. Yuko mweupe, ambaye si Mzungu bali ni jirani yako mwenye ngozi nyepesi. Anayetaka kuchagua rangi ya nywele imfae huanzia hapa, kwa sababu nywele hazionekani peke yake. Huonekana zikiwa zimeuzunguka uso.

Jambo hili lina historia, na shahidi wake mkubwa ni mkemia wa Kifaransa, Michel Eugène Chevreul. Alikuwa msimamizi wa utiaji rangi katika karakana ya mazulia ya Gobelins, Paris, na aliletewa malalamiko kwamba rangi nyeusi ya nyuzi zao ilikuwa dhaifu. Akaichunguza rangi hiyo, asione kasoro. Kasoro ilikuwa ujirani: weusi ule ulifumwa kando ya buluu na urujuani, nazo zikaupunguzia nguvu machoni pa mtazamaji. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kinene juu ya kanuni hiyo, kwamba rangi mbili zikikaa pamoja kila moja huibadili nyingine. Mafundi wa mavazi na wa nywele wameishi kwa kanuni hiyo hadi leo, hata wasiomjua.

Niliposoma habari hiyo ndipo nilipoelewa kwa nini weusi ule wa miaka miwili iliyopita, hata kabla ya uvimbe, ulimfanya mama aonekane mgonjwa. Weusi wa dukani ni mmoja tu, mzito, usio na mwanga ndani yake. Weusi wa asili una kahawia na wekundu uliojificha, unaoonekana mtu akisimama juani. Kadhalika ngozi ya mzee si ile ya ujana wake. Imepoteza mng'ao na imepata mikunjo. Ukiweka weusi mzito kando yake, kila mkunjo huchorwa upya kwa wino. Ndiyo maana wasusi wenye jicho humshauri mtu mzima achague rangi iliyopungua weusi kidogo kuliko ile aliyozaliwa nayo, yenye joto iwapo ngozi yake ina joto. Namna ya kulijua joto hilo ni rahisi: pambo la dhahabu likimkubali kuliko la fedha, ngozi yake ina umanjano au wekundu ndani. Fedha ikimkubali zaidi, ngozi yake ina ubaridi, na rangi za zambarau iliyoiva au weusi wenye buluu humpendeza kuliko zile za shaba.

Mama amevaa hereni za dhahabu tangu nimjue. Swali la kwanza likawa limejibiwa.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi: rangi itokane na nini? Pwani yetu ina majibu mawili ya kale, na wengi huyachanganya. La kwanza ni hina, itokanayo na majani ya mhina yaliyokaushwa na kusagwa. Unga wake ni wa kijani, una harufu ya majani makavu, na rangi yake hushikamana na ukucha, ngozi na unywele. Hina haiondoi weusi, haiwezi. Kwenye unywele mweusi huacha mng'ao mwekundu unaoonekana juani tu. Kwenye mvi hutoa rangi ya shaba, kali siku ya kwanza, ikatulia na kukolea baada ya siku mbili hivi. Wazee wa Kiislamu wa pwani waliopaka hina ndevu zao walikuwa na mwongozo wa dini: yamepokewa mafundisho ya Mtume kwamba mvi zibadilishwe, ila weusi uepukwe. Kwa hiyo shaba ile kwenye ndevu za mzee wa Lamu au Unguja haikumdanganya mtu juu ya umri wake. Ilisema wazi: mimi ni mzee, na nimejipamba.

La pili ni piko, weusi wa kuchorea maua mikononi na miguuni mwa maharusi. Siku hizi piko nyingi hukorogwa kwa unga wa dukani wa kutia nywele weusi, na humo ndimo ilimo kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Rangi za viwandani zilianzia mwaka 1856, pale kijana wa Kiingereza, William Henry Perkin, alipotafuta dawa ya malaria kutoka kwenye lami ya makaa ya mawe akaambulia rangi ya zambarau. Kutoka ukoo huo wa kemikali ikaja ile inayotia nywele weusi, na mwaka 1907 Mfaransa Eugène Schueller alitengeneza rangi yake ya nywele, akaanzisha kampuni iliyokuja kuitwa L'Oréal. Weusi wa kopo una historia ndefu ya maabara. Hauna hata jani moja.

Kemikali hiyo watu wengi huivumilia. Wachache mwili wao huikataa, na aliyekataliwa mara moja hukataliwa daima, mara nyingi kwa ukali zaidi. Kwa hiyo chochote kiitwacho “hina nyeusi” si hina, na aliyewahi kuvimba asikiguse. Kwa wengine wote, vifungashio huagiza tone lipakwe nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, lingojewe saa 48. Maandishi hayo kwa kawaida ni ya lugha za kigeni na ni madogo kama mayai ya chawa. Aliyempaka mama hakuyasoma. Simlaumu sana: neno ambalo halijaandikwa kwa lugha yako ni kama halijaandikwa. Hapo niliona kwamba suala la msamiati, tunalolijadili sisi wapenzi wa lugha kama pambo, kwa mama yangu lilikuwa tofauti ya kuhudhuria na kutohudhuria harusi ya mwanawe.

Nikageukia waliobobea. Mwaka 1980 Mmarekani Carole Jackson alitoa kitabu *Color Me Beautiful*, kilichogawa watu katika majira manne ya mwaka wa Ulaya na Marekani, kila jira na rangi zake. Nilijaribu kukitafsiri kichwani ili nimsomee mama. Jira la baridi kali nikaliita kipupwe. La joto, kiangazi. Hapo sikupata shida kubwa. Lakini jira lile la majani kupukutika, ambalo kwao ndilo la rangi za shaba, kutu na asali, wafasiri huliita vuli. Vuli! Vuli yetu ni mvua. Ni majani kuchipua. Nyanda za Juu Kusini hatuna hata vuli iliyojitenga. Mvua zikianza Novemba au Desemba huendelea hadi Aprili. Zaidi ya hayo, katika mgawanyo ule watu weusi karibu wote walisukumwa kwenye jira moja, la baridi, kana kwamba maji ya kunde na mweusi tii ni rangi moja kwa kuwa vichwa vyao vyote ni vyeusi.

Nilimsomea mama hata hivyo. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, “Kwa hiyo mimi ni Juni?” Juni ya kwetu ni upepo, makoti na midomo iliyopasuka. Nikafunga kitabu.

Asubuhi ya Jumamosi tulikwenda saluni iliyo karibu na stendi. Dada wa saluni alimwamkia mama, akaitikiwa, akaleta mfano wa rasta za kusukia: vifungu vya nyuzi vilivyofungwa kwenye pete ya chuma, kila kimoja na rangi yake. Nilitega sikio nisikie majina. Hakukuwa na majina. Kulikuwa na namba. “Namba moja ni nyeusi kabisa. Hii 1B imepungua kidogo. Namba mbili, namba nne, hizo ni za watu wa ofisini. Thelathini ina wekundu. Thelathini na tatu inawapendeza sana maji ya kunde. Ishirini na saba inataka ujasiri. Hii 99J wanaipenda wa vyuo.”

Kumbe kazi ninayoihangaikia kwenye vitabu inafanywa kila siku kando ya barabara kuu ya Zambia! Dada yule alikuwa na nadharia kamili ya rangi na ngozi, aliyoijenga kwa vichwa alivyovishika. Kilichopungua ni majina tu, na palipopungua majina, kiwanda kiliweka namba.

Nikaanza kumpa majina. Kwa namba nne nikasema kahawia. Mama akakataa. “Kahawia gani? Kahawa mbichi ni ya kijani, ikiiva mtini ni nyekundu, maua yake ni meupe. Kahawia ni jina la mnywaji.” Mama alifundisha miaka mingi Mbozi, kwenye wakulima wa kahawa, na hoja yake sijaweza kuipangua. Kwa 99J nikasema damu ya mzee, maana ndiyo hasa rangi ile: nyekundu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Saluni nzima ikacheka, na mama akacheka kuliko wote. “Basi hiyo ndiyo yangu kwa haki!” Kwa 33 nilikwama.

Mama alikishika kifungu cha 33, akakigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, kisha akakirudisha. Akasema nywele nyekundu zinamkumbusha watoto wa kliniki. Alieleza, nami nikaelewa jambo ambalo kitabu cha majira hakingeweza kunieleza. Kwa kizazi chake, nywele za mtoto mweusi zikigeuka nyekundu na kunyooka zilikuwa dalili ya kwashakoo, ya chakula kisicho na protini ya kutosha. Kabla wekundu wa nywele haujawa urembo ulikuwa njaa. Akaongeza kumbukumbu nyingine: alikuwa msichana wa shule Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana mwishoni mwa mwaka 1968, kampeni iliyopiga vita sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na vipodozi vya kubadili ngozi kuanzia Januari 1969. Kubadili ulichozaliwa nacho kichwani au usoni kulihesabiwa kuwa kuiga wakoloni. “Tulifundishwa kwamba mtu akijigeuza rangi anajikana. Nami nikaja nikajitia weusi ili nifanane na mimi wa zamani. Hapo nilijikana au nilijirudia?”

Sikuwa na jibu, na silo swali la kujibiwa haraka. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo humwonya anayependezwa na rangi ya nje. Lakini mkakasi haujichori ili udanganye. Hutiwa nakshi kwa sababu kilichomo ndani, kidogo au kikubwa, kimethaminiwa na mwenyewe.

Tulirudi nyumbani bila kununua kitu. Njiani mama alisimama kuniuliza kama nimeona miti. Mvua ilikuwa bado miezi miwili, ardhi imepasuka, vumbi limetanda hadi kwenye matawi. Na miombo ilikuwa imechipua. Anayeijua miombo anajua kwamba majani yake machanga hayatoki na ukijani. Hutoka na wekundu wa shaba, yakang'aa juani kama yamepakwa mafuta, ndipo baadaye yakawa ya kijani. Rangi ileile ambayo Ulaya ni ya jani linalokufa, kwetu ni ya jani linalozaliwa.

“Hiyo,” mama alisema, “ndiyo thelathini na tatu.”

Siku nne kabla ya sherehe nilimkorogea hina halisi niliyoagiza Dar es Salaam, unga wa kijani wenye harufu ya majani, kwa chai ya rangi iliyopoa na ndimu. Kabla ya hapo tulijaribu tone kwenye kiwiko, tukangoja siku mbili kamili, nami sikulala vizuri usiku wowote kati ya hizo. Hakikutokea kitu. Kichwani, mvi zilishika shaba, na nywele chache zilizosalia nyeusi zikabaki nyeusi, zikaingiliana na zile za shaba kama kivuli na jua chini ya mti. Uso wake wa maji ya kunde ulipata joto ambalo weusi wa kopo uliunyima. Kwenye picha za sherehe amesimama mstari wa mbele, kilemba amekishusha nyuma makusudi.

Dada wa saluni alikuja na zawadi. Alimtazama mama kichwani kwa makini ya fundi, akaniuliza namba gani. Nikamwambia haina namba, inaitwa miombo. Akalirudia neno mara mbili kwa sauti ya chini. Juma lililopita nilipita pale stendi, nikamsikia akimwambia binti mmoja aliyekuwa akichagua: “Chukua hii miombo, itakukubali.”

Najua neno moja saluni moja si kamusi. Lakini kahawia nayo ilianza kwa mtu mmoja aliyetazama kikombe chake. Nawe msomaji, uliye Mombasa, Bukavu, Maskati au Minneapolis, tazama kinachochipua, kinachoiva au kinachokauka mlangoni pako, kisha uniandikie: 27 kwenu ingeitwaje?